Mzimu si Msukule: Hoja juu ya OutRun ya Kavinsky

Wapo wasemao kwamba muziki utokao katika mashine hauna roho. Wapo na wengine, nao siku hizi ni wengi zaidi, wasemao kwamba muziki huo una roho kwa sababu unawarudisha katika miaka ya 1980, miaka ambayo baadhi yao hawakuwa hata wamezaliwa. Makundi haya mawili yamevutana kwa muda mrefu juu ya albamu moja ya Kifaransa, na ajabu ya mvutano wenyewe ni kwamba wote wameizunguka nyumba bila ya kuuona mlango. Wa kwanza wanaikataa albamu kwa sababu isiyo sababu. Wa pili wanaipenda kwa sababu mbaya kuliko ile ya wenzao. Na kwa kuwa mapenzi ya kijinga humwangusha msanii zaidi kuliko chuki, hawa wa pili ndio wanaostahiki kujibiwa kwa urefu.

Albamu hiyo ni OutRun, ya kwanza ya Kavinsky, iliyotoka Februari 2013. Kavinsky ni jina la usanii la Vincent Belorgey, aliyezaliwa mwaka 1975 huko Seine-Saint-Denis, mkoa uliopakana na jiji la Paris. Ina vibao 13, na vingi kati yake havina maneno ya kuimbwa. Mwanamuziki SebastiAn alishiriki kuitayarisha. Kitovu chake ni "Nightcall", wimbo uliotangulia kutoka peke yake mwaka 2010 kwa msaada wa Guy-Manuel de Homem-Christo wa kundi la Daft Punk, ukaenea duniani mwaka 2011 pale Nicolas Winding Refn alipouweka katika ufunguzi wa filamu yake Drive. Mtindo wenyewe umepewa jina la sinthiwevu: muziki wa sinthesaiza unaozifuata sauti za filamu, za televisheni na za michezo ya video ya miaka ya 1980, wenye besi inayopiga bila kuchoka kama injini, na ngoma zenye mwangwi mkubwa unaokatwa ghafla kabla haujafifia.

Albamu ina kisa, na kibao cha kwanza kinakisimulia. Mwaka 1986 kijana mmoja anapata ajali akiendesha gari aina ya Ferrari Testarossa. Anakufa. Mwaka 2006 anatokea tena, si mzima wala si mfu, macho yakimwaka, naye anatunga muziki. Ni rahisi kukichukua kisa hiki kuwa nakshi ya jalada tu, mzaha wa vijana waliokesha mbele ya televisheni. Hoja ya makala hii ni kinyume cha hayo: kisa hicho ndicho albamu, na asiyekijali kisa hajaisikia albamu hata akiipiga mara mia.

Kwanza wapewe haki yao wale wanaoituhumu mashine. Tuhuma yao ni kongwe, na wapenzi wa taarab wa Unguja na Mombasa wanaijua vizuri. Katika miaka ya 1990, vikundi vya taarab ya kisasa vilipokiweka kinanda cha umeme mahali pa safu nzima ya fidla, qanun na udi, walisikika wazee wakiomboleza kwamba taarab imekwisha. Walikuwa na haki ya kuhuzunika, kwani ukumbi uliokuwa na wapigaji ishirini ukabakia na watano, na kazi ya watu ikafanywa na vidole vya mmoja. Lakini waliposema kwamba kinanda ndicho kilichoyaharibu mashairi, walikisingizia. Kinanda hakijawahi kutunga ubeti. Wimbo mbovu ulikuwa mbovu kwa sababu mtungaji wake hakuwa na la kusema, na mtungaji huyo angepewa qanun na wapigaji wa Misri wote bado asingekuwa na la kusema. Fidla na qanun navyo vilivuka bahari kuja visiwani, navyo siku moja vilikuwa vigeni. Chombo huulizwa swali moja tu: je, kinasema lisiloweza kusemwa na chombo kingine?

Katika "Nightcall" jibu ni ndiyo, na laweza kuthibitishwa. Sauti ya mwanamume katika wimbo huo imepitishwa katika vokoda. Chombo hiki kilibuniwa na Homer Dudley katika maabara za Bell nchini Marekani, miaka ya 1930, wala hakikubuniwa kwa ajili ya muziki. Kilikusudiwa kuibana sauti ya mtu ili ipite kwa wepesi katika nyaya za simu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kikatumiwa katika mtambo wa SIGSALY, uliofanya mazungumzo ya siri ya simu baina ya Washington na London yasiweze kunaswa na adui. Namna kinavyofanya kazi ni hii: kinaigawa sauti ya msemaji mafungu mafungu, kuanzia nene hadi nyembamba, na kulipima kila fungu lina nguvu kiasi gani kila wakati. Vipimo hivyo huchukuliwa, na koo la msemaji huachwa. Kisha vipimo huvikwa sauti ya ala. Kwa maneno mengine, matamshi yanabaki, mwenyewe anaondoka.

Sasa na utazamwe wimbo wenyewe. Ni mazungumzo ya simu, usiku. Anayepiga ni yule dereva aliyekufa, naye ana jambo zito la kumwambia mwanamke. Anayejibu ni Lovefoxxx, mwimbaji wa Kibrazili wa kundi la CSS, naye anajibu kwa koo lake la kibinadamu, laini, lisilo na chombo kilicholigeuza. Yeyote aliyelelewa katika majibizano ya malenga wa pwani atatambua mara moja umbo hili: mmoja anatupa, mwingine anapokea, na maana haikai kwa yule wala kwa huyu bali katika nafasi iliyo baina yao. Nafasi hiyo hapa ni kaburi. Aliye hai anasikika na mwili wake. Aliyekufa yamebaki matamshi tu. Na chombo kilichomwondolea mwili ni kilekile kilichozaliwa kwa ajili ya simu. Hakuna mwimbaji mwenye mapafu, hata awe fundi wa namna gani, ambaye angeweza kulisema jambo hilo kwa wepesi huo. Mashine haikuchukua nafasi ya roho. Ilitumika kuonyesha roho inavyosikika ikiwa haina pa kukaa.

Wa kwanza na wapumzike hapo. Wa pili ndio wenye kazi.

Wao husema OutRun ni kumbukumbu. Husema inarudisha zama njema, zama za jua linalotua baharini, barabara tupu, gari jekundu na mapenzi mepesi. Swali la kuwauliza ni jepesi: kumbukumbu ya nani? Mwaka 1986 Belorgey alikuwa mtoto wa miaka 11. Mtoto wa miaka 11 haendeshi Ferrari. Alichonacho ni picha za gari hilo, na picha hizo nazo hazikutoka mtaani kwao. Jina la albamu ni la mchezo wa video uliotolewa na kampuni ya Kijapani ya Sega mwaka 1986, ukasanifiwa na Yu Suzuki: mchezaji hukalia usukani wa gari jekundu linalofanana na Testarossa, pembeni yake kuna mwanamke mwenye nywele za rangi ya dhahabu, na kabla ya kuondoka huchagua wimbo katika redio. Suzuki alikuwa amezunguka Ulaya kutafuta mandhari ya barabara zake. Gari lenyewe ni la Kiitaliano, na jina lake maana yake ni kichwa chekundu; lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Paris, mwaka 1984. Wamarekani wakalipenda zaidi walipoliona katika tamthilia ya Miami Vice, ambayo muziki wake wa sinthesaiza ulitungwa na Jan Hammer, mzaliwa wa Prague. Na kabla ya hao wote, Wajerumani wa Kraftwerk walikwisha kuigeuza barabara kuu kuwa wimbo wa sinthesaiza wenye dakika zaidi ya 20 katika Autobahn ya mwaka 1974.

Basi hesabu ni hii. Mjapani aliiota Ulaya, Mchekoslovakia akaipigia muziki Marekani, na Mfaransa akaazima ndoto hizo zote akaziita ujana wake. Aitaye hii kumbukumbu hajui maana ya kukumbuka. Mtu hukumbuka alichokula, alichokosa na aliyemzika.

Na iwapo ni 1986 inayotakiwa, Paris ilikuwa na 1986 yake. Aprili ya mwaka huo mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulilipuka, na Ulaya nzima ikaanza kuiogopa mvua. Septemba mabomu yaliwaua watu Paris. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba, wakati wa maandamano ya wanafunzi, Malik Oussekine, mwanafunzi mwenye umri wa miaka 22 na asili ya Algeria, alifuatwa na polisi hadi ndani ya mlango wa jengo moja la Paris, akapigwa, akafa. Huyo naye ni kijana aliyekufa mwaka 1986. Hakuwa na Ferrari. Wala 2006, mwaka ambao dereva wa Kavinsky anafufuka, haukuja mtupu. Miezi michache nyuma yake, Oktoba 2005, vijana wawili, Zyed Benna na Bouna Traoré, walikufa kwa umeme huko Clichy-sous-Bois baada ya kujificha katika kituo cha umeme wakiwakimbia polisi. Vitongoji vya Ufaransa vikawaka kwa wiki tatu, na maelfu ya magari yakachomwa. Clichy-sous-Bois imo Seine-Saint-Denis, mkoa aliozaliwa Belorgey. Katika OutRun gari lililoharibika ni moja tu, nalo ni Ferrari.

Haya hayasemwi ili msanii ashitakiwe kwa yale ambayo hakuyatunga. Mshairi hadaiwi kila msiba wa mtaa wake. Yanasemwa ili ile hoja ya "zama njema" ivunjike moja kwa moja, isipate pa kusimama. Miaka ya 1980 inayolililiwa na wapenzi wa mtindo huu haikuwapo Paris, haikuwapo Miami, haikuwapo popote. Ilikuwapo katika kioo cha televisheni.

Je, albamu nayo ivunjike pamoja na hoja ya wapenzi wake? La. Na hapa ndipo kile kisa cha maiti kinapodai kusikilizwa.

Lau Kavinsky angetaka kusema kwamba 1986 ilikuwa nzuri, njia ilikuwa nyeupe. Angemweka dereva aliye hai, mwenye nywele zinazopepea, akielekea ufukweni. Wengi waliokuja baada yake wamefanya hivyohivyo. Yeye alimuua dereva wake katika kibao cha kwanza. Yote yanayofuata, kasi yote ile, besi yote ile, taa zote zile, yanatoka katika kinywa cha mtu asiyeweza kufika anakokwenda. Kuna kibao kiitwacho "Deadcruiser", na jina lake linatamka mauti wazi. Kibao cha mwisho kinaitwa "Endless", yaani kisicho na mwisho, na msikilizaji mvivu huisikia hiyo kuwa ahadi ya raha. Kwa mfu haiwezi kuwa raha. Mwenye kuendesha milele ni yule aliyenyimwa mahali pa kushukia. Wasomaji wa pwani wana neno la hali hiyo, nalo ni barzakhi: dunia imemtoka na akhera hajaingia. OutRun ni albamu ya barzakhi iliyopakwa rangi ya gari la kifahari, na uzuri wake wote umo katika kutokubaliana kwa rangi na hali.

Ushairi wa Kiswahili ulikwisha kuijua njia hii, zaidi ya karne moja kabla ya sinthesaiza. Mwanzoni mwa karne ya 19 Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama majumba ya Pate, ambayo zamani yalijaa taa, vyombo vya thamani na watu wa fahari, akayaona yamegeuka makao ya popo na wadudu. Akatunga Al-Inkishafi. Anayesemeshwa katika utenzi huo ni moyo, na yanayotajwa ni mapambo, moja baada ya jingine, kwa utamu unaoweza kumfanya msomaji ayatamani. Lakini mshairi hakuyataja ili yarudi. Aliyataja ili moyo ujue ulichokipenda kimekwenda wapi. Utamu wa maelezo ndio uliolifanya kaburi lionekane refu. Angelia tu, asingesikilizwa. Angesifu tu, angekuwa mwongo.

Haifai kuvuka mpaka katika ulinganisho huu. Sayyid Abdalla alikuwa na akhera, naye alijua moyo ufanye nini baada ya kuyaona magofu: utubu. Kavinsky hana akhera. Dereva wake anaongeza kasi, basi. Tena Pate ilikuwapo, ilhali Miami ya Kavinsky ni ya kioo. Lakini kanuni ya kazi zote mbili ni moja, nayo ndiyo yenye uzito katika mjadala huu: aliyekufa ametajwa kuwa amekufa.

Lugha ya Kiswahili ina majina mawili ya mfu anayerudi, na tofauti yake inatosha kuumaliza ugomvi wote. Liko jina la mzimu, na liko lile ambalo bara wanalitumia sana, msukule. Mzimu ni mfu mwenye dai. Anarudi kwa sababu kuna jambo halikutimizwa, na waliobaki hai hawana budi kuuliza: unataka nini? Msukule hana dai. Yeye, kwa mujibu wa wanaoyaamini hayo, amefukuliwa na mtu mwingine ili alime shamba la mtu huyo usiku. Hasemi. Hatambui. Anafanya kazi, na faida ni ya mwenye shamba. Zama zilizopita nazo hurudi kwa njia hizi mbili. Hurudi kama mzimu pale msanii anapoziruhusu kudai. Hurudi kama msukule pale anapozifukua ili zimlimie.

Kavinsky, katika saa zake bora, amemleta mzimu. Katika "Nightcall" mfu ana dai, na wimbo unamalizika dai halijalipwa. Lakini haki haina upendeleo, na lazima isemwe kwamba si saa zote ni bora. Albamu ilikuja miaka mitatu baada ya wimbo wake mkuu, na pengo hilo linasikika: vibao kadhaa vya katikati vina makelele ya kufukuzana bila ya kujulikana nani anafukuzwa. "First Blood" imechukua jina la filamu ya mapigano ya mwaka 1982, na ndani yake mna misuli mingi kuliko mauti. Lililo zito zaidi ni "Suburbia". Mtu aliyezaliwa Seine-Saint-Denis amefika kwenye kibao chenye jina la kitongoji, na msikilizaji anakaza masikio, akitumai kwamba hapa barabara ya kioo itaguswa na lami ya kweli. Anayesikika ni Havoc wa Mobb Deep, rapa wa Queensbridge, New York. Ni rapa hodari, na kitongoji chake ni cha kweli kwake. Lakini msanii aliyepata nafasi moja ya kuupa mzimu wake anwani ya nyumbani, ameuandikia anwani ya Marekani. Hapo picha za televisheni zimemshinda fundi. Mwanamke naye, ukiondoa ule wimbo wa simu, amebaki alivyokuwa katika mchezo wa Sega: abiria.

Makosa hayo yanahesabika, na albamu inayabeba. Yasiyobebeka ni ya waliofuata. Baada ya 2011 na 2013 mtindo ulienea kwa kasi. Kibao "Odd Look" kilipata toleo jipya mwaka 2013 likiimbwa na The Weeknd, naye baadaye akautawala ulimwengu na "Blinding Lights", wimbo wa mwaka 2019 uliojengwa kwa mbao hizohizo. Tamthilia ya Stranger Things ikautia muziki wa sinthesaiza majumbani kuanzia 2016. Nyuma ya hao wenye majina likaja jeshi zima la waigaji, na jalada la mmoja wao ni jalada la wote: jua la zambarau lililokatwa mistari, mraba juu ya mraba wa taa za buluu, gari jekundu limegeuza mgongo, na minazi miwili. Msomaji wa visiwani, anayeujua mnazi kwa makuti, kwa tui, kwa mgema na kwa kesi za mirathi, hana budi kucheka kidogo. Mnazi wa majalada hayo hauna nazi. Haujawahi kuangusha hata kidaka kimoja.

Huo ndio msukule wenyewe. Waigaji wamechukua rangi wakamwacha maiti. Wana besi, wana mwangwi unaokatwa, wana vokoda, na hakuna aliyekufa. Dereva wao ni mzima, yuko likizoni. Miaka ya 1980 imefukuliwa ili iuze, na haiulizwi inataka nini, kwani ikiulizwa itataja Chernobyl, itamtaja Oussekine, itaharibu biashara. Na wapenzi wao wanapoambiwa haya hujibu kwamba muziki ni wa kujiburudisha. Ni kweli, na hakuna aliyekataza burudani. Kinachokatazwa ni kumwita msukule babu.

Kwa nini jarida la ushairi lijishughulishe na gari la Mfaransa? Kwa sababu mashtaka yaleyale yamo katika nyumba ya ushairi. Wapo washairi waliosadiki kwamba ukongwe ni sifa ya kutosha. Mmoja huazima "mato" kwa macho na "nti" kwa nchi, ilhali kwao hakuna asemaye hivyo, hapotezi kina hata kimoja, mizani yake nane kwa nane imenyooka kama uzi, na beti kumi zinakwisha bila ya msomaji kujua kilichomliza. Lugha ya Lamu imefukuliwa ili imlimie shamba. Mwenye lugha hiyo, aliyeirithi kwa mama yake, akiitumia anasema; mwazimaji anapamba. Na upande wa pili wapo waliochoshwa na waazimaji hao, wakatoa hukumu kwamba fani yenyewe imekufa, izikwe, vina na mizani vitiwe kaburi moja na jahazi. Nao wamekosea kama wale wanaoituhumu mashine. Chombo hakina hatia. Shairi la mizani si msukule kwa kuwa ni la kale, bali kwa kuwa mtungaji amekataa kusikia linadai nini. Akisikia, nane kwa nane itamtosha hadi mwisho wa dunia, na sinthesaiza ya mwaka 1983 itamtosha pia.

Dai hilo ndilo kipimo, na kipimo hiki hakijali umri wa mtungaji. Haijalishi kama aliziishi zama anazozitaja. Belorgey hakuiishi 1986 ya Testarossa, na bado ametunga wimbo wa kweli juu yake, kwa kuwa hakudai kwamba iko hai. Wapo walioziishi zama zao siku kwa siku na wakazitungia uongo. Msanii ana ruhusa ya kuipenda nyumba asiyolala ndani yake hata usiku mmoja, kwa sharti moja tu, nalo halina msamaha: asimdanganye msikilizaji kwamba kuna mtu ndani.

Tarehe 11 Agosti 2024, katika sherehe za kufunga michezo ya Olimpiki ya Paris, Kavinsky alipanda jukwaani pamoja na kundi la Phoenix na mwimbaji wa Kibelgiji Angèle, na "Nightcall" ukapigwa mbele ya dunia. Uwanja ulikuwa Stade de France, ambao uko Saint-Denis, katika mkoa uleule wa Seine-Saint-Denis. Watu walishangilia, na magazeti yakaandika kuhusu wimbo maarufu, filamu maarufu na usiku wa kupendeza. Ilikuwa biashara kubwa, na taa zilikuwa nyingi kuliko za majumba yote ya Pate. Lakini wimbo ulikuwa uleule. Mwanamke aliimba kwa koo la mtu hai, na sauti isiyo na mwili ikampigia simu kutoka upande wa pili. Safari hii, ambavyo albamu haikufanya, ilimpigia kutoka nyumbani.

Anayetaka kushangilia jua la zambarau na ashangilie. Anayetaka kusikiliza na ajiulize ni nani anayepiga simu katika mkoa ule, na kwa nini hadi leo hajashuka garini.